Mpaka Namba Ianguke

Mimi nauza unga sokoni Likasi, mji wa shaba ulio mbali na bahari, na watu wa soko wananijua kwa mdomo. Mtu akinipunja kipimo namwambia papo hapo, mbele ya wateja wake. Ndiyo maana wengi walishangaa kwenye kilio cha binti yangu. Walidhani nitapasua koo. Nikakaa kwenye mkeka kimya, wanawake wa maombi wamenishika mabega huku na huku, na kichwani mwangu lilikuwa linazunguka jambo moja tu: leo nani amewapa samaki chakula?

Maana binti yetu alituachia bahari. Sitii chumvi. Ilikuwa palepale sebuleni, kati ya kabati la sahani na mlango wa jikoni: sanduku la kioo refu kama kitanda cha mtoto, limejaa maji ya chumvi, mawe meupe chini, samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa, na juu ya mawe vipande vya matumbawe, kila kimoja kama ncha ya kidole. Katika avenyu yetu hakuna aliyekuwa na neno la matumbawe. Watu waliviita maua. Binti yangu alikuwa anakasirika.

"Mama, haiko maua. Ni nyama! Angalia, iko na kinywa."

Nikaangalia, na kweli, kila kipande kilikuwa na vinywa vidogo vidogo, vinafunguka na kufumba. Nikasema Mungu ana mambo.

Binti alikuwa anafanya kazi jikoni, kwenye kambi ya mgodi kule Kakanda. Hapo kulikuwa na mhandisi mmoja mgeni aliyefuga vitu hivyo nyumbani kwake ili asisahau kwao. Binti yangu akampelekea chakula, akasimama kuangalia, akauliza. Kuuliza ndiyo ilikuwa tabia yake tangu mdogo, angekuchosha mpaka ukimbie. Yule mgeni akamfundisha. Mkataba wake ulipokwisha akamwachia kila kitu: kioo, taa, pampu, betri, magunia ya chumvi, chupa za kupimia, na vile vipande alivyovikata kutoka kwa vikubwa vyake. Binti yangu alikuja navyo nyuma ya lori kutoka Kakanda, amekumbatia ndoo yenye matumbawe, amejifunika blanketi, vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

Mtaa ulicheka. "Weye, bahari kwa Likasi? Na samaki yenyewe kidogo vile, bukari itashuka na nini?" Bukari kwetu ni ugali. Wanawake wa maombi wakataka kuitia mafuta ya upako ili isilete roho za maji nyumbani. Nikawaambia, mafuta yenu mnipake mimi kichwani, lakini bahari ya mtoto muiache. Walinuna, lakini waliiacha. Na kila jioni walikuwa wanarudi, wao wenyewe, na watoto wao, kukaa chini na kuangalia.

Binti yangu alikuwa na amri zake. Maji ya bomba yasiingie kamwe, kwa sababu ardhi yetu ni ya shaba na shaba inaua vile viumbe. Kulikuwa na chujio lake maalumu, na bidoni, dumu la maji ya chumvi yaliyokwisha tayarishwa, linakaa nyuma ya mlango siku zote. Amri ya pili ilihusu chupa tatu za virutubisho, zilizofungwa bado, zimepangwa juu ya kabati. Matumbawe yanajenga mifupa yao kutoka kwenye maji, alieleza. Yanavuta chokaa iliyoyeyuka mle ndani. Yakiwa bado madogo na bahari bado mpya, yanakula kidogo sana, na kubadilisha maji tu kunatosha. Siku yanapoanza kujenga kweli, chokaa ndani ya maji inapungua, ukipima unaona namba imeanguka. Hapo ndipo unafungua chupa. Kabla ya hapo, ukitia, unayaua.

Na hapo ndipo alipogongana na baba yake.

Mume wangu alifanya kazi kiwandani maisha yake yote, kwenye maziwa ya chokaa. Ndivyo walivyoita, maziwa: chokaa inakorogwa na maji mpaka inakuwa nyeupe nzito, inateremshwa kwenye matangi ili kuzima asidi. Yeye ndiye alikuwa anaamua itiwe lini na kiasi gani. Alijivuna kwamba katika zamu yake namba haikuyumba hata siku moja. Sasa yuko kwenye pansheni, lakini mtu wa chokaa ni mtu wa chokaa. Akipita mbele ya bahari anainama, anaangalia maji kama vile anamkagua mfanyakazi mwenzake.

"Kule kwetu ku usine," alimwambia binti yake, "ukiona namba inaanguka, ulisha kuchelewa. Unatia mbele. Muntu wa kazi hangoye namba."

"Huku haiko usine, papa. Huku usipoona namba inaanguka, hauweke kitu."

"Sasa bitakula nini?"

"Papa! Mutoto alisha kuzaliwa leo, utamupa bukari na sombe?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mwishoni alisema sawa, bahari ni yako, mimi nitanyamaza, na akanyamaza kama anavyonyamaza yeye, yaani alirudia maneno yaleyale kila Jumamosi. Walikuwa wanapendana hao wawili. Walipokuwa wanagombana nyumba ilikuwa na joto, mimi nikawa naendelea kuchambua mboga nikiwasikiliza, na sikujua kwamba nilikuwa tajiri.

Halafu ikaja homa. Alishuka kutoka Kakanda siku ya Ijumaa anatetemeka. Tukampeleka dispansari ya jirani. Muuguzi akamtoa damu, akampa vidonge vya kutuliza, akasema majibu ni Jumatatu, mngoje. Jumamosi jioni nilimwona macho yake hayakai sawa. Nikamwambia mume wangu, "Papa, tumupeleke ku hopitali kubwa. Sasa hivi. Tutafute motokari."

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Yeye, ambaye hajawahi kungojea kitu maishani, akasema, "Mama, ule wa dispansari alisoma. Anajua kazi yake. Alisema tungoye. Tungoye."

Jumapili, makanisa yote ya mtaa wetu yakiimba, mtoto akatutoka. Subira huvuta heri, wanasema. Ya kwetu ilivuta jeneza.

Sikumwambia mume wangu neno lolote kuhusu jioni ile. Nasema ukweli, lilikuwepo mdomoni, limekaa kama mfupa wa samaki. Lakini nilimeza. Ila mtu na mkewe, hata ukinyamaza anasikia.

Baada ya maziko, kwenye simu yangu nikakuta ujumbe wa sauti. Aliutuma Jumamosi ile nikiwa sokoni, yeye amelala chumbani, na katika kelele za soko sikuufungua. Nikausikiliza nimesimama jikoni.

"Mama, ni minye. Kichwa inaniluma, siwezi kupaza sauti. Leo njo siku ya kupima maji. Pima weye, nilikuonyesha. Na ile machupa tatu, usifungue mpaka namba inaanguka. Papa atasema tunachelewa, eh? Umuambie angoye. Na siku itaanguka, munipigie. Ata niko kazini, munipigie tu. Nataka nikuwe wa kwanza kusikia." Hapo anacheka kidogo, halafu kikohozi, halafu basi.

Niliusikiliza sijui mara ngapi. Mume wangu hakuusikiliza hata mara moja. Nikibonyeza tu, anachukua kofia yake anatoka nje.

Basi nikawa mimi ndiye mwenye bahari. Mimi, muuza unga. Kila Jumamosi kabla ya kwenda sokoni nachukua maji kwenye kichupa, natia unga wa dawa, natia matone moja moja, natikisa, mpaka rangi ya waridi igeuke buluu. Idadi ya matone ndiyo namba. Mikono yangu ilizoea. Na kila Jumamosi namba ilikuwa ileile, maana yake matumbawe hayajaanza kujenga. Hayajafa, hayakui. Yamekaa tu. Nilikuwa nayaelewa, na mimi nilikuwa nimekaa tu.

Sikutaka kingine duniani. Nguo zake niliwagawia binamu zake, kama desturi. Simu yake ilizikwa naye, mama zake wadogo waliiweka chini ya mikono yake. Kitu pekee chenye pumzi alichotuachia kilikuwa kile kioo. Nikasema, hiki hakitakufa mikononi mwangu. Umeme wa bwawa la Koni ukikatika nilikuwa nakimbia kuangalia betri kabla sijawasha mshumaa wetu wenyewe.

Mume wangu alikuwa anasimama nyuma yangu nikipima.

"Iko namna gani?"

"Ileile."

Anafyonya. Juma baada ya juma, anafyonya. Kisha akaanza kusema vipande vimepauka, vimepoteza rangi, mbona kile cha pembeni kimefumba vinywa. Mimi sikuona tofauti, lakini yeye alikuwa anaona kifo kila mahali wakati ule. Jumamosi moja akapiga meza.

"Inakufa, na weye unaiangalia! Kuangalia, kuangalia! Chupa iko pale!"

"Mutoto alisema tungoye."

Akaondoa mkono mezani. Kisha akasema polepole, "Minye nilisha kungoya mara moja, mama."

Ilikuwa mara ya kwanza aguse jambo lile. Ningeweza kumjibu. Ningeweza kusema haikuwa kosa lako, au kusema ndiyo, ulingoja na mimi nilikuambia. Nilikusanya sahani nikaenda kuziosha, na kesho yake nikachukua zile chupa tatu nikazifungia kwenye sanduku langu la vitenge, ufunguo nikauvaa shingoni. Sikumwamini. Alijua simwamini.

Jumamosi iliyofuata alivaa koti lake mapema. Akasema anakwenda kwa wenzake wa pansheni, kuna habari wanazungumza. Nikasema sawa, nenda. Umeme haukuwepo tangu juzi yake, simu yake ilikuwa imekufa, akaiacha juu ya meza. Nilibaki peke yangu nikapima.

Matone yakaingia, nikatikisa. Rangi ikageuka mapema. Tone moja kabla ya kawaida yake.

Nikadhani nimekosea. Nikamwaga, nikaosha kichupa, nikarudia. Rangi ikageuka palepale. Nikachukua tochi, nikapiga magoti mbele ya kioo, nikamulika kipande kimoja kimoja. Kwenye kile cha pembeni, kile alichosema kinakufa, chini kabisa ambapo kimeshikana na jiwe, kulikuwa na ukingo mpya, mwembamba kama ukucha wa mtoto mchanga, unatambaa juu ya jiwe. Kilikuwa kinajenga. Kilikuwa kinakula, kimeshika jiwe, kinataka kukaa.

Mawee! Nilipiga vigelegele peke yangu, ndani ya nyumba ya msiba. Jirani alikuja mbio na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Nikamwambia namba imeanguka. Akaniangalia kama nimerukwa na akili, akasema, "Bwana asifiwe," akarudi kwenye chungu chake.

Sikwenda sokoni. Nilitaka nimwambie mume wangu kwanza, nitoe ufunguo shingoni nimpe mkononi, nimwambie fungua weye, hii kazi ni yako. Nilikuwa nimekwisha samehe kila kitu asubuhi ile, nasema kweli. Nikapanda pikipiki mpaka pale wanapokaa wazee wa pansheni. Walikuwa chini ya kibaraza cha duka, wanabishana.

"Mwenzetu? Hatujamwona leo."

Mmoja akasema, "Mimi nilimwona. Njia ya Kakontwe, na gunia."

Kakontwe ndiko wanakochoma chokaa. Watu wananunua huko ya kupaka kuta na ya kumwaga vyooni. Sikuaga hata. Nilimwambia yule wa pikipiki, kijana wangu, kimbiza, na shimo la barabara usilione.

Nilipofungua mlango, alikuwa amesimama mbele ya kioo, koti amevua, mikono ya shati amekunja mpaka juu ya viwiko. Miguuni ndoo. Mkononi mwiko wangu wa bukari, mweupe mpaka kwenye mpini. Na bahari haikuwepo. Kulikuwa na sanduku la maziwa. Jiwe halionekani, samaki haonekani, nyeupe tupu kutoka juu mpaka chini.

"Nilianza, mama," alisema. Sauti yake ilikuwa ya furaha, hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo. "Usikasirike. Sikuweza tena kungoya. Nilitia kidogo kidogo, sawa ku usine. Nilijua ulifunga machupa, lakini chokaa ni chokaa. Ngoya itasafika, utaona."

Alizima asidi ya kiwanda kizima kwa mikono ile. Hakuna aliyemwambia kwamba bahari si asidi, kwamba hakuna cha kuzima mle ndani.

Sikupiga kelele. Nikavuta kiti nikakaa. Tukangoja pamoja, hatimaye. Polepole ule weupe ukaanza kushuka, ukatua juu ya mawe kama unga gunia likipasuka. Kwanza tukaona pampu, kisha mawe. Kisha matumbawe, kila kipande kimefunikwa, vinywa vimefumba, nyama yake imeanza kumenyuka na kuelea vipande vipande. Samaki mmoja alikuwa amelala ubavu chini. Mwingine hatukumwona.

Alielewa. Uso wake nilikuwa nimeuona hivyo mara moja tu, siku ile makanisa yanaimba. Akaweka mwiko chini taratibu, akaniuliza bila kunitazama.

"Bilisha kufa mbele, eh? Mama, uniambie. Bilikuwa binakufa tu. Ata singetia kitu."

Nilifungua mdomo, na nikakwama. Mimi! Maana niliona pande zote mbili. Nikimwambia ndiyo, vilikuwa vimekufa tayari, basi ni kungoja kulikoviua, na kama kungoja kunaua, ni yeye aliyemzika binti yake kwa neno lake moja pale kitandani. Atakwenda nalo mpaka kaburini. Na nikimwambia ukweli, vilikuwa hai, vilikuwa vimeanza kujenga asubuhi hiihii, basi ameua kwa mkono wake kitu cha mwisho cha mtoto, kwa kukosa kungoja saa chache. Nilitafuta njia ya tatu. Haikuwepo.

"Namba ilianguka leo asubui," nikasema. "Nilipima mara mbili. Ile ya pembeni ilikuwa inakomea, inajenga. Bilikuwa bizima, papa. Kungoya hakukuua kitu."

Hakulia. Alikaa chini, kwenye maji na chokaa, na suruali yake nzuri ya pansheni. Nikakaa karibu yake. Ule mfupa wa samaki ulitoka kooni wenyewe, na nikamwambia nilichokuwa nimekificha: kwamba nilimkasirikia, miezi yote hii, na kwamba sijui kama hospitali kubwa ingemwokoa, hakuna anayejua, na sitajua kamwe, na bado nampenda vilevile kama zamani. Aliitikia kwa kichwa tu, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayesikiliza maelekezo ya njia.

Kisha akasema, "Unipe telefone yako. Nisikie sauti yake."

Nikambonyezea. Ni minye, mama. Kichwa inaniluma. Alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa, na aliposikia umuambie angoye akashika mdomo wake kwa kiganja cheupe cha chokaa. Aliposikia munipigie, akaniuliza, "Ulisha kumupigia?"

"Papa, nitamupigia namna gani?"

Alichukua simu kutoka mkononi mwangu. Hajui sana hivi vitu, lakini alikuwa ameniona nikibonyeza. Akaweka kidole pale pa kurekodi, kwenye jina la binti yetu, akaisogeza simu mdomoni kama redio ya kiwandani.

"Mama, ni papa," alisema. Sisi baba zetu huwaita binti zao mama. "Namba ilianguka. Leo asubui. Mama yako alipima, anapima muzuri. Bilianza kujenga, sawa ulisema." Akageukia kile kioo. "Minye sikungoya. Siku yako sikupashwa kungoya, nikangoya. Leo nilipashwa kungoya, na sikungoya. Unisamehe zote mbili, mama. Zote mbili."

Akaondoa kidole. Ujumbe ukaenda, ukaweka alama yake moja, ya ujumbe uliotumwa lakini haujafika, na hiyo moja ndiyo iliyopo mpaka leo. Tulikaa tukiuangalia. Kisha nyuma ya jiwe kubwa kikatokea kichwa cha rangi ya chungwa, yule samaki wa pili, amepakwa weupe, anahema haraka haraka. Mume wangu akainuka kwa magoti, akaniangalia, hakugusa kitu. Akangoja niseme. Nikamwambia alete lile bidoni la nyuma ya mlango, mimi nikachukua ndoo nikaanza kutoa maji.